Njia za miguu ziingie kwenye ramani ya kijiji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Njia za miguu za vijiji vyetu zinafungwa moja baada ya nyingine, na zinafungwa kwa sababu hazijaandikwa popote. Sisemi barabara. Barabara zina wenyewe: ile kuu ya lami ina TANROADS, wakala wa barabara kuu, ya changarawe inayoingia kijijini ina TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na mvua ikiikata unajua mlango wa kugonga. Nasema vile vijia vya kwendea kisimani, mashineni, shuleni, kanisani, kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, na makaburini. Havina namba wala kibao. Vingi vinaitwa kwa majina ya watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na mtoto wa leo hajui hata walikuwa akina nani.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Jiografia katika shule za msingi za Wilaya ya Mufindi, na sasa ni mmoja wa wanawake watatu katika Baraza la Ardhi la kijiji chetu, lenye wajumbe saba kama sheria inavyotaka. Zamani tuliletewa zaidi mashauri ya ndugu wawili wanaogombea tuta la mpaka. Siku hizi watu wanakuja kutuambia kwamba jana walipita mahali fulani na leo hawapiti.

Nieleze shauri moja. Kutoka kitongoji chetu cha juu kuna njia inayoshuka bondeni. Inaanzia nyuma ya kanisa, inapita kwenye mipaina, inakata shamba la mahindi kwa mshazari, inaingia kwenye milanzi, ile mianzi ya ulanzi, halafu inavuka kijito juu ya magogo ya mlingoti yaliyolazwa na vijana siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ng'ambo kuna chemchemi na vinyungu vya akina mama, ambako kiangazi kizima, milimani kukiwa kumekauka, wanalima mahindi mabichi, maharage na mboga. Pale inapokata shamba, udongo umekanyagwa vizazi na vizazi mpaka jembe likigonga linadunda. Shamba hilo limeuzwa. Mnunuzi alifuata taratibu, akapata hati ya hakimiliki ya kimila, akapanda parachichi, akasimika nguzo na kuzungushia seng'enge. Njia ikabaki ndani. Akina mama sasa wanazunguka kwa barabara ya malori ya magogo, ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na dereva akitokea kwenye kona hawana pa kukimbilia ila mtaroni.

Shauri lilipofika kwetu, mnunuzi alisema jambo moja tu: nionyesheni hiyo njia kwenye ramani ya kijiji. Tukaitandaza mezani. Shule ipo, zahanati ipo, msitu wa kijiji upo, kijito kipo, barabara ipo. Njia haipo. Wazee wakasimama mmoja mmoja kushuhudia kwamba waliipita wakiwa wamebebwa na mama zao. Yeye akawasikiliza kwa adabu, kisha akanyoosha kidole tena kwenye ramani. Simlaumu. Alinunua kilichoandikwa, na kuandika ilikuwa kazi yetu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kujua watu wa kwingine walifanyaje. Binti yangu alisomea kilimo Uingereza, katika kaunti ya Nottinghamshire, akawa ananitumia picha na nakala za ramani za parokia za huko. Nimezisoma kwa makini, nikasoma na mengine, na nimeona kwamba swali lililotushinda sisi mezani wao walilikuta zamani na wakalijibu. Kwa gharama kubwa, lakini wakalijibu.

Parokia ya shamba ya Uingereza si ya kanisa peke yake. Ilianza hivyo, eneo linalohudumiwa na kanisa moja na kulilipia zaka, lakini kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa kijiji: ikihudumia maskini wake na kutengeneza barabara zake. Sheria ya mwaka 1894 ikazipa parokia za mashambani mabaraza ya kuchaguliwa, na mpaka leo England ina parokia za kiraia zaidi ya 10,000, nyingine zenye watu mia chache tu. Kwa ukubwa na kwa kazi, ni Halmashauri ya Kijiji.

Mipaka yao mingi ni ya kale kuliko nyumba zote zilizomo ndani yake. Kuna hati za wafalme za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita zinazoeleza mpaka wa ardhi kwa kuutembea: anzia kwenye kivuko, fuata kijito mpaka mwaloni mkubwa, kutoka mwaloni mpaka jiwe la kijivu, kutoka jiweni mpaka kwenye handaki la kale, hadi urudi ulikoanzia. Hati yenyewe ni ya Kilatini, lugha ya makarani. Maelezo ya mpaka yameandikwa kwa lugha waliyoongea wakulima, kwa sababu wao ndio walioujua na wao ndio wangeulinda. Baadhi ya mipaka hiyo bado inafuatika leo uwandani.

Na umbo la parokia lina maana yake. Kwenye miteremko ya chokaa ya kusini mwa England utakuta parokia nyembamba na ndefu zimepangana ubavu kwa ubavu, kila moja ikianzia juu kilimani na kuishia chini mtoni. Zilikatwa hivyo ili kila kijiji kipate malisho ya kondoo juu, shamba la nafaka katikati na majani ya ng'ombe kando ya mto. Nilipoiona ramani hiyo niliikumbuka Mufindi. Sisi nasi tunaishi hivyohivyo: miti na mahindi juu, nyumba ukingoni, vinyungu chini. Mkulima wa hapa asiye na bonde ana njaa ya kuanzia Desemba hadi mavuno. Sasa mtu akichora mpaka kwa kuunganisha bikoni na bikoni, yale mawe ya wapimaji, kwa mstari ulionyooka, anaweza kukinyang'anya kitongoji kizima bonde lake bila mwenyewe kujua.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mipaka mingi ya vijiji vyetu ni ya Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1974 hadi 1976, watu walipohamishwa kutoka walikokuwa wametawanyika wakapangwa kandokando ya barabara. Mahame yakabaki nyuma, na makaburi, na milanzi, na vyanzo vya maji. Njia ndizo zilizoendelea kuwaunganisha watu na mahali walikotoka. Ndiyo maana njia nyingi hazilingani na mpaka wowote wala na mpangilio wa viwanja: zenyewe ni kongwe kuliko kijiji.

Sasa nifike Laxton, parokia ya Nottinghamshire ambayo binti yangu aliitembelea, na mimi ningeitembelea kama ningekuwa na nauli. Hapo bado wanalima kwa mtindo wa zamani uliokwisha kwingine karibu kote England. Kuna mashamba makubwa matatu ya wazi, hayana uzio ndani, na kila mkulima ana vipande vyake vilivyotawanyika katika yote matatu. Shamba moja hupumzishwa kila mwaka kwa zamu. Ramani yao ilichorwa na mpimaji aitwaye Mark Pierce mwaka 1635, na inaonyesha kila kipande, kila njia na hata watu wakilima na kuvuna. Lakini wao hawakutosheka na ramani. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoanza, wakulima walioteuliwa kuwa wazee wa baraza lao hulizunguka shamba lililopandwa ngano. Wanaangalia kila kipande kinapoishia na njia ya nyasi inapoanzia. Mambo ya kulima yanajulikana: kila mwaka plau inaiba kidogo, unyayo mmoja, halafu mwingine. Wakikuta mtu amelima akaingia njiani, wanapigilia kigingi kipya mahali mpaka unapostahili kuwa, na mwenye kosa anaitwa barazani kutozwa faini. Faini ni ndogo. Aibu mbele ya majirani ndiyo kubwa.

Nimeitazama sana picha ya mmoja wa wazee hao, mkononi ana nyundo na mbele yake kuna kigingi cha mti kimechongwa ncha. Hakuna kitu pale ambacho kijiji cha Mufindi hakina. Vigingi tunavyo, nyundo tunazo, wazee tunao na baraza tunalo. Kilichokosekana ni ile siku ya mwaka ya kutoka.

Parokia nyingine zilikuwa na siku yake pia. Katika wiki ya Sikukuu ya Kupaa, mchungaji, wazee na vijana waliuzunguka mpaka mzima wa parokia, wakiomba baraka kwa mazao na kupiga alama za mpaka kwa fimbo. Wavulana walichukuliwa makusudi. Kwenye jiwe la mpaka walichapwa, au waligongwa kichwa, au walirushwa kijitoni, ili wapakumbuke hapo mpaka uzeeni. Mimi kumchapa mtoto ili akumbuke siafiki, nimefundisha watoto wa kutosha kujua kwamba mtoto hukumbuka vizuri zaidi ukimpa kazi na kumweleza sababu yake. Lakini shabaha yao ilikuwa sahihi kabisa. Kabla ya ramani nzuri kupatikana, shahidi mahakamani alikuwa mzee aliyeutembea mpaka akiwa mtoto. Wazee wetu waliosimama mbele ya yule mnunuzi walikuwa mashahidi wa namna hiyo. Wakishaondoka hao, nani atasimama?

Kuhusu barabara nisiende mbali, ingawa kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Mafinga na Makambako watalitambua mara moja. Sheria ya mwaka 1555 iliitaka kila parokia ya England kutengeneza barabara zake kwa nguvu za wananchi, siku nne kwa mwaka, baadaye sita, bila malipo. Ni msaragambo kabisa. Ulifanya kazi vizuri pale barabara ilipotumiwa na wenyeji. Ulishindwa pale magari mazito ya farasi ya wafanyabiashara kutoka mbali yalipopita kwa wingi, kwa sababu wanakijiji walikuwa wakiziba mashimo yasiyo yao. Parokia za barabara kuu ya kaskazini zikalalamika hadi bungeni, na mwaka 1663 ikapitishwa sheria ya kuweka mageti, anayeipasua barabara ailipie. Sisi tunaziba mashimo ya malori ya magogo kwa majembe ya mkono. Ushuru wa mazao ya misitu unakusanywa; sehemu yake irudi kwenye barabara ambayo magogo hayo yamepitia. Nitaiandikia barua yake siku nyingine.

Narudi kwenye njia. Sitaki msomaji afikiri Uingereza ni mfano wa wema mtupu. Hao hao ndio waliozungushia uzio ardhi za jumuiya kwa sheria za Bunge, zaidi ya 5,200 kati ya mwaka 1604 na 1914. Malisho ya pamoja yakagawanywa, mwenye kingi akaongezewa, na fukara aliyekuwa na ng'ombe mmoja wa kulisha uwanjani akabaki hana pa kumpeleka. Barabara mpya zikapimwa kwa kamba, pana na zilizonyooka, na njia nyingi za zamani zikafutwa. Hata leo, wanasema, ukifuata barabara iliyonyooka utakutana na kona mbili za ghafla katikati ya mashamba matupu: hapo ndipo parokia mbili zinapopakana, na kila upande ulipima barabara yake bila kuuliza mwenzake. Sisi dalili hiyo tunaiona kwenye madaraja. Greda linasawazisha mpaka kijitoni na kugeuza, na daraja lililo katikati ya vijiji viwili halina baba wala mama.

Baada ya hasara hiyo ndipo walipojifunza kuandika. Sheria ya mwaka 1932 ilisema njia iliyopitwa na watu wote kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila kuzuiwa, ihesabiwe kuwa njia ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakukusudia iwe hivyo. Mwaka 1949 ikaja sheria nyingine iliyoziagiza kaunti zichore ramani rasmi ya njia zote za miguu na za farasi. Na kazi ya kwanza haikufanywa na wataalamu kutoka London. Ilifanywa na parokia: watu wa kawaida wakiwa na ramani na karatasi walipita kila njia, wakaandika inaanzia wapi, inaishia wapi, ina geti gani, ina kivuko gani cha uzio, inapita kwenye shamba la aina gani. Kila njia ikapewa namba. Leo England na Wales zina njia za namna hiyo za takriban kilomita 225,000, nyingi zikikatiza kwenye mashamba ya watu binafsi.

Na mkulima hakusahauliwa, jambo ambalo wawekezaji wetu wanapaswa kulisikia. Njia ikipita katikati ya shamba, mwenye shamba anaruhusiwa kuilima, ila airudishe ndani ya siku 14, ionekane na ipitike, upana usiopungua mita moja. Kama inamsumbua anaweza kuomba ihamishiwe pembeni, na ikikubaliwa, inahamishwa kwa maandishi. Anaweza kuweka uzio, mradi pawe na geti au ngazi ya kuvukia pale njia inapopita. Mali yake inabaki mali yake. Asichoweza kufanya ni kuamka asubuhi akaifuta njia peke yake.

Watu wataniambia hayo ni ya Ulaya, sheria zetu ni tofauti. Nimezisoma zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya jumuiya ya kijiji, na inasema ardhi ambayo watu wamezoea kuitumia kwa pamoja ihesabiwe kuwa ya jumuiya. Inaitaka Halmashauri ya Kijiji iwe na daftari la ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo inazungumzia haki ya njia kwa ajili ya umma. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kupanga ardhi yake. Kwa hiyo mlango uko wazi. Tunapopanga matumizi bora ya ardhi tunaonyesha makazi, kilimo, malisho na misitu, tunapiga rangi kijani na njano, na njia ambayo mama anaipita kila siku ya Mungu hatuichori kwa sababu ni nyembamba.

Ninachopendekeza kinawezekana mwaka huu. Baada ya mavuno, nyasi zikiwa fupi, kila kitongoji kitoe wazee wake, akina mama wanaochota maji, na wanafunzi wa darasa la tano na la sita pamoja na mwalimu wao. Watembee njia zao zote. Akina mama nawataja kwa makusudi, kwa sababu kwenye mikutano ya mipaka huitwa wanaume, na wanaume wengi hawajui njia ya kisimani inapokatia. Simu ya kawaida siku hizi inaweka alama ya mahali, hiyo itumike. Lakini pia yaandikwe maelezo kwa Kiswahili, kama walivyofanya wale wa miaka elfu moja iliyopita: kutoka nyuma ya kanisa, kupita mipainani, hadi milanzi, hadi magogo ya kijitoni. Simu zitabadilika, na mtu atakayesoma maandishi hayo baada ya miaka 50 ataelewa. Njia zipewe namba, zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ziingizwe kwenye daftari la ardhi ya jumuiya, na kila hati mpya ya kimila itakayotolewa itaje njia inayopita ndani ya shamba hilo na upana wake.

Mpaka wa kijiji nao utembewe, na utembewe na vijiji vyote viwili kwa pamoja, siku moja. Mkitembea kila mmoja kwa wakati wake mtarudi na mipaka miwili.

Naharakisha jambo hili kwa sababu ya parachichi. Sina ugomvi na zao hilo; limesomesha watoto Njombe na Rungwe, na limeanza kusomesha wa kwetu. Lakini mahindi yalikuwa yakivunwa, shamba likabaki wazi, watu wakapita. Parachichi ni mti wa miaka mingi na uzio wake ni wa miaka mingi. Njia itakayofungwa na uzio huo mwaka huu, watoto wanaozaliwa sasa watakua bila kujua kwamba iliwahi kuwapo.

Shauri letu bado halijaisha. Tumemwomba mnunuzi aache ukanda wa mita moja na nusu pembeni mwa shamba lake, upande wa mipaina, na sisi kijiji tutengeneze geti la mbao kwa nguvu zetu. Hajakataa. Ameomba apewe maandishi yenye muhuri, na ana haki ya kuomba. Nimeshapeleka ombi kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji ili suala la kuorodhesha njia liwe ajenda ya mkutano mkuu ujao wa robo mwaka. Kwa halmashauri za wilaya naomba jambo moja dogo: vijiji vipewe nakala kubwa, zinazosomeka, za ramani zao wenyewe, zibandikwe ofisini badala ya kufungiwa kabatini wilayani.

Na kama kuna kijiji chochote Iringa, Njombe, Mbeya au Songwe ambacho tayari kimeziandika njia zake, nawaomba wajumbe wake waandike kupitia gazeti hili watueleze walikubaliana upana gani, gharama za mpimaji walizilipaje, na walifanyaje pale njia ilipovuka kwenda kijiji cha jirani.

Mwalimu mstaafu, mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji,
Wilaya ya Mufindi, Iringa